Akina mama walioitangulia treni

Waswahili hawakukosea waliponena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Abiria huteremka ngazi, akapitisha tikiti yake, akaingia kwenye treni na kwenda zake. Nani aliyechimba, nani aliyejenga, na nani aliyeshinda humo kabla yake, hayo si mambo ya kumshughulisha mtu anayekimbilia kazini.

Hata hivyo, viungani mwa jiji la London, nchini Uingereza, ipo stesheni moja ambayo inastahili kumsimamisha abiria kidogo. Jina lake ni Gants Hill. Treni ya kwanza ya abiria ilifika hapo mwezi wa Desemba 1947. Lakini kwa muda wa miaka mitatu hivi kabla ya vita kumalizika, njia zake za chini ya ardhi zilikuwa zimejaa watu mchana na usiku. Wengi wao walikuwa akina mama na akina dada, na kazi yao ilikuwa kutengeneza vipuri vya ndege za kivita.

Juma hili, msomaji mpenzi, naomba tuteremke pamoja huko chini. Tukirudi juu nitakuwa na swali moja la kukuuliza.

Stesheni isiyoonekana

Mgeni anayefika Gants Hill kwa mara ya kwanza huenda akadhani amepotea. Haoni jengo la stesheni. Anachokiona ni mzunguko mkubwa wa barabara, magari yakizunguka bila kupumzika, na maduka pembezoni. Hapa ndipo barabara kuu ya Eastern Avenue, inayotoka London kuelekea mashariki, inapokutana na barabara nyingine za mtaa.

Stesheni yenyewe iko chini ya mzunguko huo. Utaitambua kwa alama ijulikanayo kote jijini, duara jekundu lililokatwa na mstari wa buluu. Unashuka ngazi, unafuata kijia cha waendao kwa miguu kinachopita chini ya barabara, mara unajikuta katika ukumbi wa tikiti. Magari yananguruma juu ya kichwa chako, lakini wewe huna habari nayo.

Kutoka hapo, ngazi tatu za umeme hukuteremsha chini zaidi. Na huko ndiko wengi hushikwa na mshangao. Badala ya kijia chembamba kama vilivyo katika stesheni nyingi za London, unakuta ukumbi mrefu na mpana uliolala kati ya majukwaa mawili. Dari lake ni la mviringo, kama nusu ya pipa lililolazwa chini. Hata saa za kwenye majukwaa si za kawaida. Mahali pa tarakimu pamewekwa alama ndogo za lile duara la reli.

Watu husema ukumbi huo unafanana na zile stesheni za fahari za Moscow, mji mkuu wa Urusi. Hawakukosea. Reli ya chini ya ardhi ya Moscow ilifunguliwa Mei 1935, na wataalamu kutoka London walikuwa miongoni mwa waliotoa ushauri wakati wa ujenzi wake. Mwalimu naye akawa mwanafunzi. Waingereza walivutiwa na kumbi za Moscow, na Gants Hill ikawa ndiyo stesheni yao iliyoiga mtindo huo.

Aliyeichora ni Charles Holden, msanifu wa majengo aliyezaliwa mwaka 1875 na kufariki mwaka 1960. Ndiye aliyebuni stesheni nyingi za viungani mwa London katika miaka ya 1930, zikiwemo Arnos Grove na Southgate, ambazo hadi leo watu hutoka mbali kwenda kuzitazama. Jambo moja kumhusu mzee huyu limenigusa. Mara mbili alipewa nafasi ya kutunukiwa cheo cha Sir, na mara zote mbili akakataa. Kwa maoni yake, jengo ni kazi ya watu wengi, na haifai mtu mmoja aitwaye bwana mkubwa kwa jasho la wengi.

Tuliweke neno hilo akibani. Tutalihitaji.

Reli yafuata watu

London ndilo jiji lililotangulia yote duniani kuwa na reli ya abiria ya chini ya ardhi. Ilianza tarehe 10 Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, na treni zake zilivutwa na injini za moshi. Fikiria mwenyewe hali ilivyokuwa humo ndani!

Njia inayopita Gants Hill, iitwayo Central, ilianza mwaka 1900 ikiwa tayari inatumia umeme. Wakati huo ilikuwa njia fupi tu ya katikati ya jiji, kutoka Shepherd's Bush hadi Bank. Leo ina urefu wa kilomita 74 na stesheni 49.

Kilichoivuta njia hiyo hadi Gants Hill ni makazi. Katika miaka ya 1920 na 1930, familia nyingi zilitoka katikati ya jiji na kwenda kukaa viungani, ambako zilipata nyumba yenye bustani ndogo na hewa safi. Mji wa Ilford, ambao Gants Hill ilikuwa sehemu yake, ulijaa nyumba mpya. Baba akawa analala Ilford lakini mkate wake uko mjini. Kila asubuhi treni za kawaida zikawa zimefurika.

Kwa hivyo mwaka 1935 ukatangazwa mpango mkubwa wa kurefusha reli. Njia ya Central ingeendelea mashariki, na kipande chake kimoja kingepita chini ya ardhi kutoka Leytonstone kuelekea Newbury Park, kupitia Wanstead, Redbridge na Gants Hill. Wachimbaji wakaanza kazi. Lakini Septemba 1939 Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikazuka, na mwaka 1940 ujenzi ukasimamishwa. Yakabaki mahandaki mawili yaliyolala sambamba, kila moja lenye urefu wa kilomita nne hivi, bila reli wala treni.

Karakana ya kilomita nne

Tarehe 7 Septemba 1940, ndege za Ujerumani zilianza kuliangushia London mabomu usiku baada ya usiku. Viwanda vya mashariki mwa jiji vilikuwa shabaha. Kampuni ya Plessey, iliyokuwa na kiwanda chake Ilford, ilipigwa mabomu. Kampuni hiyo ilitengeneza vifaa vya umeme na vipuri ambavyo jeshi la anga lilivihitaji sana. Je, ingejificha wapi?

Jawabu lilikuwa chini ya miguu yao. Serikali iliamua mahandaki yale yageuzwe karakana. Sakafu ikatandazwa, taa zikatundikwa, mitambo ya kuingizia hewa ikafungwa, na mashine zikapangwa mstari mmoja mrefu kutoka upande wa Leytonstone hadi Gants Hill. Mwaka 1942 kazi ikaanza.

Hebu jaribu kuiona picha hiyo. Kiwanda chenye upana wa mita tatu na kitu, na urefu wa mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu. Kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mizigo ilisafirishwa kwa kireli kidogo kilichojengwa humo humo ndani. Kulikuwa na mkahawa wa wafanyakazi chini kwa chini. Watu wapatao 2,000 waliweza kuwa kazini kwa zamu moja, na wengi wao walikuwa wanawake.

Kwa nini wanawake? Wanaume walikuwa vitani. Desemba 1941 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaita kazini wanawake wasioolewa wa umri wa miaka 20 hadi 30. Wangejiunga na vikosi au na viwanda. Mama mwenye watoto wadogo hakulazimishwa, lakini wengi walijitolea wenyewe. Jeshini kulikuwa na mume, nyumbani kulikuwa na njaa, na mshahara ulikuwa na kazi ya kufanya.

Basi dada aliyekuwa karani wa duka, au mama ambaye hajawahi kushika chombo kizito kuliko pasi, alifunzwa kuendesha mashine. Wakati wa baridi aliingia chini kabla jua halijachomoza na kutoka likiwa limeshatua. Siku nzima hakuona mwanga wa jua. Juu ya kichwa chake ving'ora vilipiga na nyumba zikaanguka, naye akiwa chini akiunganisha nyaya za ndege. Zamu ilipokwisha alipanda juu bila kujua kama mtaa wake ungali umesimama.

Na baada ya hapo akaanza zamu ya pili, ile isiyolipwa. Kupanga foleni ya mkate wa mgao, kupika, kufua na kuwaogesha watoto. Mama yeyote anayesoma ukurasa huu anaijua zamu hiyo. Haihitaji kuelezwa.

Ngazi kumi na tisa

Mahandaki ya Gants Hill yaliwapa watu kazi na kinga pia. Lakini si kila mahali katika njia hii palipokuwa na bahati hiyo. Karibu na katikati ya jiji, stesheni nyingine ya Central iitwayo Bethnal Green nayo ilikuwa haijamalizika, ikitumiwa na wakazi kama kimbilio wakati wa mabomu.

Jioni ya tarehe 3 Machi 1943, king'ora kilipiga. Watu wakaanza kuteremka. Mara ukasikika mshindo mkubwa wa aina ambayo hawakuizoea. Ilikuwa mizinga mipya ya Waingereza wenyewe ikifyatuliwa karibu, lakini nani angejua? Umati ukasukumana kuelekea mlangoni.

Mlango ulikuwa mmoja. Ngazi zilikuwa 19, zenye giza, bila reli ya kushikilia katikati. Mwanamke mmoja aliyembeba mtoto alijikwaa karibu na chini. Waliomfuata wakamwangukia, na waliowafuata wakawaangukia hao. Kwa muda wa dakika chache watu 173 walikosa hewa wakafa. Wanaume walikuwa 27. Wanawake walikuwa 84 na watoto 62. Hakuna bomu hata moja lililoanguka hapo usiku huo.

Kabla ya msiba, halmashauri ya mtaa ilikuwa imeomba idhini ya kuuimarisha mlango huo, na maombi hayo yakakataliwa. Baada ya msiba, serikali iliificha ripoti ya uchunguzi hadi vita vikaisha. Kumbukumbu kamili ya marehemu hao, yenye umbo la ngazi iliyogeuzwa juu chini, ilikamilika mwaka 2017.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu moja. Waliochora ngazi zile hawakuwa wauaji. Yawezekana walimfikiria mtu mzima, mwenye afya, asiye na mzigo, anayeteremka mchana kwa utaratibu. Hawakumfikiria mama aliyebeba mtoto gizani.

Asante, rudini nyumbani

Mwaka 1945 vita vilikwisha. Mashine zikang'olewa kutoka mahandakini, wafanyakazi wakaaga, na mafundi wa reli wakarudi kuimalizia kazi waliyoiacha. Tarehe 14 Desemba 1947 treni za abiria zikaanza kupita Wanstead, Redbridge na Gants Hill hadi Newbury Park. Mwaka uliofuata zikafika Hainault.

Kwa wengi wa akina mama wale, mlango wa kiwanda ulifungwa. Wanaume walikuwa wamerejea na walihitaji kazi. Isitoshe, hata walipokuwa kazini, wanawake katika viwanda vya Uingereza kwa kawaida walilipwa kidogo kuliko wanaume. Kilio hicho kilikaa muda mrefu. Mwaka 1968, huko Dagenham, ambako si mbali na Gants Hill, wanawake 187 waliokuwa wakishona vifuniko vya viti vya magari ya Ford waligoma. Miaka miwili baadaye sheria ya malipo sawa ikapitishwa.

Leo ukisimama katika ule ukumbi wa Gants Hill, hakuna mashine utakayoiona. Sakafu inang'aa na watu wanapita haraka. Hapa ndipo yanaponirudia maneno ya Holden, kwamba jengo ni kazi ya wengi. Naamini wale waliofanya kazi humu kwa taa za umeme, zamu baada ya zamu, nao ni sehemu ya wengi hao.

Huduma za leo

Tangu mwaka 1965, Gants Hill imekuwa katika wilaya ya jiji iitwayo Redbridge. Wakazi wake wana asili mbalimbali, zikiwemo familia za Kihindi zilizohama Kenya na Uganda katika miaka ya 1960 na 1970.

Stesheni iko katika kanda ya nne ya nauli, na safari ya hadi katikati ya jiji huchukua karibu nusu saa. Upande mmoja treni huelekea Newbury Park na Hainault. Upande wa pili hupita Stratford, Liverpool Street na Oxford Circus hadi magharibi mwa London. Ukitoka nje ya stesheni, mabasi ya kila upande yanakungoja.

Madirisha ya kuuzia tikiti yalifungwa jijini kote mwaka 2015. Abiria sasa hutumia mashine, au kadi ya Oyster iliyoanzishwa mwaka 2003, au kadi yake ya benki ambayo huigusisha tu langoni. Watoto wa miaka mitano hadi kumi husafiri bure wakiwa na mtu mzima, na wakazi wa London waliotimiza miaka 60 wana kadi yao ya kusafiria bure kwa saa nyingi za siku. Mama mjamzito hupewa beji ya kuvaa kifuani ili aliyeketi ajue kumpisha. Mpango huo ulianza mwaka 2005, nami nauona ni wa kuigwa popote penye treni au basi.

Kwa wafanyakazi wa usiku, mwaka 2016 treni zilianza kupita usiku kucha Ijumaa na Jumamosi. Zilisitishwa mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na zikarejeshwa mwezi wa Novemba 2021. Muuguzi au mpishi anayetoka zamu saa nane za usiku anaweza kupanda treni hadi Gants Hill kupitia mahandaki yale yale ambamo dada za mwaka 1942 walikesha.

Lakini liko pengo. Kati ya ukumbi wa tikiti na majukwaa hakuna lifti. Ni ngazi za umeme peke yake, na mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuzitumia. Stesheni inayofuata, Newbury Park, ilipata lifti mwaka 2018, na huko ndiko alemavu wa Gants Hill anapolazimika kwenda kwanza ndipo apande treni. Mama mwenye kigari cha mtoto humwondoa mtoto, akamkumbatia kwa mkono mmoja, kigari akakikunja na kukishika kwa mkono wa pili, kisha akaomba Mungu asijikwae. Yeyote anayeikumbuka Bethnal Green hawezi kumtazama mama huyo bila moyo kudunda.

Si kwamba mzee Holden alikuwa na roho mbaya. Katika enzi zake wachache waliliwaza jambo hilo, na kuchimba shimo la lifti katika stesheni kongwe ni kazi ngumu na ya gharama kubwa. Lakini wakati wa vita, palipokuwa na haja, mahandaki matupu yaligeuzwa kiwanda kamili chenye hewa, taa, mkahawa na reli yake. Watu wakitaka, njia hupatikana.

Sasa lile swali niliokuahidi. Kesho asubuhi utakapokuwa ukienda kazini, kwa treni au kwa matatu, tazama ngazi ya kwanza unayoikanyaga. Kisha jiulize, aliyeiweka hapo alikuwa akimfikiria nani? Nyanya yako mwenye magoti mabovu angeweza kuipanda? Na mama aliyebeba mtoto mgongoni na kikapu mkononi je?

Ukiona jibu ni hapana, usinyamaze. Mwambie anayehusika, na ukirudi siku ya pili mwambie tena. Na wakati unangoja asikie, mshike mama huyo mkono, apande.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.